Pembe Niliyowapulizia Mivukuto

Albamu mpya ya Mivukuto iko njiani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeirekodi, naomba mnisikilize kidogo kabla hamjaisikiliza yenyewe. Najua wengi wenu hamjawahi kusikia jina hilo. Mivukuto ni bendi ya muziki wa chuma, ule muziki mzito wa magitaa yanayokwaruza, na mimi nilikuwa fundi mitambo wake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zilipoamua kuondoka kabisa. Nilistaafu, kisha nikaitwa tena kwa ajili ya albamu hii moja. Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika mikisa ya kuchanganyia sauti siku hizi hapa Same na huko milimani, mnaofunga spika harusini na makanisani, kwa sababu kuna mambo ya kazi hii ambayo hayamo kwenye simu zenu.

Swali la kwanza huwa ni lile lile: Wapare na muziki wa chuma, wapi na wapi? Nami huuliza, kama si Wapare, nani? Babu zetu walikuwa wahunzi, wakifua majembe na mikuki wakati wengine wanakuja kununua. Mivukuto yenyewe ni ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto wa mhunzi. Jina alilichagua Kajiru, mwimbaji na mpiga besi wetu, mtu wa Msangeni, ambaye jukwaani alitisha watoto na mezani alikuwa mpole hadi unamsahau. Gitaa alipiga Mbonea wa Ndungu, na dramu Eliamini. Watu watatu, na mimi wa nne nyuma ya mitambo. Wachungaji walituombea, masheikh walitushangaa, na mama yangu alikwenda kaburini akiamini kwamba nafanya kazi ya umeme.

Kazi nilifundishwa na Mzee Shabani, mfanyabiashara wa pale Same aliyekuwa akikodisha vipaza sauti kwa maulidi, mikutano na misiba. Hakuwa na subira. Ukikunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko, alikuchapa nao huo huo. Alisema waya una mkunjo wake uliozaliwa nao, ufuate, duara moja kwa juu na duara moja kwa chini, nao utakutumikia mpaka uuchoke. Na kamwe hakujaribu maiki kwa kusema haloo haloo. Alitaja vituo vya basi: Same, Makanya, Hedaru, Mombo. Nilidhani ni mzaha mpaka aliponieleza. S ya Same ndiyo inayoiumbua spika mbovu. H ya Hedaru inakuonyesha kama maiki inameza pumzi. M ya Mombo inakuambia kama besi imezidi. Jaribuni harusini wiki hii. Watu watadhani mnapiga debe stendi, lakini sauti itakuwa safi.

Jambo jingine ni la milima yetu hii. Same kuna joto. Gitaa likitoka huko chini likafika juu kwenye ukungu, nyuzi zinajikaza na sauti inapanda bila ruhusa ya mtu. Mara ya kwanza tulipopanda, Mbonea aliziweka nyuzi sawa pale pale tuliposhuka garini, akajisifu. Kufika wimbo wa pili ulikuwa ni ugomvi wa paka. Kwa hiyo mkifika mlimani fungueni makasha, acheni vyombo vipoe, kunyweni chai, ongeeni na wenyeji, ndipo mshike nyuzi. Fundi mwenye haraka hufanya kazi mara mbili.

Msiogope kila kelele pia. Albamu yetu ya kwanza tulirekodia kwenye chumba kilichopakana na karakana ya kuchomelea mageti. Kila mara mchomeleaji akigusisha chuma, spika zetu zinalia. Nikataka kwenda kumwomba apumzike kidogo. Kajiru akanishika mkono.

"Acha, Fundi. Sisi tunapiga muziki wa chuma, chuma chenyewe kimekuja, wewe unakifukuza?"

Ule mlio umo kwenye albamu mpaka leo, na wapo wapenzi wa bendi wanaoapa kwamba ni mtambo wa Ulaya.

Sasa niwaambie ya Msangeni, kwa sababu ndiyo yanayonifikisha kwenye albamu hii. Mivukuto tulikuwa na mazoea ya kufungua onyesho kwa pembe, pembe ndefu ya mnyama, nikiipuliza mimi mwenyewe kwenye maiki. Mlio tuliouiga ni wa msaragambo. Kwa mliokulia mjini, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji huku kwetu Upareni: kutengeneza barabara, kuzibua mifereji. Jioni pembe inalia mlimani, asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asiyetokea analipa faini, mbuzi au jogoo, kutegemea kijiji na ukali wa mwenyekiti.

Basi tulifika Msangeni tukiwa na spika mpya, na jioni, Kajiru akiwa ametangulia kwao kusalimia, nikazijaribu kwa ile pembe. Sauti ikavuka korongo, ikagonga ng'ambo, ikarudi. Nikafurahi sana, tukaenda kulala kwenye darasa tulilopewa. Asubuhi tukaamshwa na mwenyekiti wa kijiji. Nikachungulia dirishani, nikaona uwanja wa shule umejaa watu na majembe, wengine wametoka vitongoji vya mbali, na kila mmoja anamuuliza mwenzake kazi ni ya wapi.

"Nani kapuliza pembe jana?" mwenyekiti akauliza.

"Shikamoo mzee. Ni sisi. Tulikuwa tunajaribu mitambo."

"Marahaba. Pembe haijaribiwi. Mmeita watu, watu wamekuja. Majembe yenu yale pale."

Tukapelekwa kuzibua ndiva, lile bwawa dogo la kukusanyia maji ya mifereji, lililokuwa limejaa tope kwa muda mrefu. Tuliingia mpaka mapajani. Akina mama walimcheka Mbonea, vidole vya gitaa havijui mpini. Mchana wakatulisha makande, na jioni tukapiga, Eliamini akiwa na malengelenge viganja vyote viwili. Sijawahi kuona watu wengi vile kwenye onyesho letu. Walikuja kwa sababu tulichimba nao, na mwenyekiti alikaa mstari wa mbele akiwa ameziba masikio na kutabasamu.

Miaka ikaenda. Mbonea akarudi Ndungu kulima mpunga. Eliamini akachukuliwa na binti yake Dar es Salaam. Kajiru akabaki kwao Msangeni na mkewe. Mimi nikabaki Same, nikiwa na mitambo ya bendi ndani ya ghala la zamani la mkonge nje kidogo ya mji, ambalo mwenyewe aliniachia nilitunze.

Fundi mitambo hafundishwi kustaafu, wanangu. Maisha yangu yote masikio yalikuwa na kazi. Mke wangu alipotangulia, na watoto wakiwa wameshakwenda Dodoma na Arusha, nyumba ikanyamaza. Nilianza kuwasha redio moja jikoni na nyingine chumbani, ili nikitoka huku nikute mtu anaongea kule. Huo ni upweke, na nautaja kwa jina lake, maana wazee wengi wenzangu huuita mapumziko.

Kwa hiyo Kajiru aliponipigia simu nilikuwa radhi kwa lolote.

"Fundi, nyimbo zimenijaa kichwani," alisema. "Tutoe albamu kabla hawajaanza kutuita marehemu."

"Mnakuja lini?"

"Kuja wapi? Siku hizi kila mtu anarekodia kwake, anatuma faili. Wewe unaunganisha."

Nikakubali, kompyuta naijua, msinidharau. Faili zikaanza kuja. Gitaa kutoka Ndungu, dramu kutoka studio moja ya Dar, sauti na besi kutoka Msangeni. Zilikuwa safi kupita kiasi. Eliamini alikuwa amepiga huku akifuata mlio wa saa ya kompyuta sikioni, yeye ambaye miaka yote alifuata bega la Kajiru: bega likishuka, na yeye anashuka nalo. Muziki wetu ulizaliwa na watu wanaotazamana chumba kimoja, dramu ikivuja kwenye maiki ya gitaa, gitaa likivuja kwenye sauti. Nikawaandikia kwenye grupu letu la simu kwamba albamu haitakuwa na uhai hivi, lazima tukutane ghalani tupige pamoja.

Hiyo ndiyo sababu ya kifundi, na ni ya kweli. Lakini ninyi niwaambie na ile nyingine, ambayo wao sikuwaambia: nilitaka watu waje. Nilitaka kusikia Mbonea akilalamika kuhusu chai yangu.

Wakajibu vizuri, kila mmoja. Tutaangalia. Mungu akipenda. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Mmoja akiwa na nafasi mwingine hana. Ndipo siku moja nikaiona ile pembe ikining'inia ukutani, nikapata wazo ambalo kwa Mpare ndilo silaha ya mwisho kabisa. Nikatoka nje ya ghala, nikaipuliza kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, nikaurekodi mlio kwenye simu na kuutuma kwenye grupu. Chini yake nikaandika: Msaragambo. Jumamosi, ghalani Same. Kila mtu na chombo chake.

Mbonea alijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka na kukohoa. "Fundi, mke wangu kashika jembe huku! Umetukamata."

Nikajua nimeshinda. Hakuna mtu aliyelelewa milimani anayeupuuza mlio ule. Nikafagia ghala, nikatundika mikeka ili ukuta usirudishe sauti, nikaazima magodoro kwa jirani yangu, Mama Nakijwa. Nikachemsha makande ya kutosha kikosi. Jumamosi nikavaa shati la bendi, limenibana tumboni lakini nililivaa, nikakaa mlangoni.

Wa kwanza kufika alikuwa mbuzi.

Alikuja amefungwa nyuma ya bodaboda, amechoka, maana alikuwa ameshapanda basi kutoka Ndungu.

"Shikamoo mzee," kijana wa bodaboda akasema. "Nimekabidhiwa huyu stendi. Katumwa na Mzee Mbonea."

"Marahaba. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Mimi sijui, mzee. Kondakta kaniambia tu niseme ni faini."

Nikampigia Mbonea. Nyuma yake nilisikia watu wakipiga madebe na kupiga mayowe.

"Ni ndege, Fundi," alisema. "Mpunga umeiva, kwelea kwelea wameshuka kama mvua. Nikiondoka leo, kesho sina shamba. Lakini si nimelipa?"

"Umelipa."

"Basi usinihesabu mtoro, ndugu yangu. Pembe nimeiheshimu."

Kabla jua halijawa kali, mpwa wa Eliamini, anayekaa hapa hapa Same, akaja akimvuta mbuzi wa pili kwa kamba. Eliamini alikuwa amempigia simu amnunulie mnadani. Presha ilikuwa imempanda, na binti yake amemfichia viatu asisafiri. Nikampokea mbuzi, nikasema ahsante, nikamfunga karibu na mwenzake. Nikabaki namtazamia Kajiru. Albamu ilikuwa yake, wazo lilikuwa lake. Nikajiambia, hata tukiwa wawili tutawasha mitambo.

Mchana simu ikalia.

"Fundi, nisamehe," Kajiru alisema. "Unajua hali ya mama watoto. Tangu apooze hataki mtu mwingine amgeuze kitandani. Jirani aliyeniahidi kukaa naye kapata msiba. Nimekwama."

"Kaa naye, Kajiru. Hapo hakuna neno."

"Nimemtuma jogoo. Kuna mwalimu anashuka na gari."

"Usitume kitu, bwana!"

"Nisipotuma mimi niliyeanzisha, nitawatazamaje wenzangu waliolipa?"

Jogoo alifika kabla ya magharibi, ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu. Alikuwa mwekundu na mwenye hasira.

Hapo, nikiwa nimesimama na jogoo mkononi, ndipo nilipoliona kosa langu. Pembe ya msaragambo inaita, kweli, lakini hiyo hiyo inampa mtu mlango wa kutokuja kwa heshima. Unalipa, unasamehewa, hakuna anayekudai uso wako. Ningewapigia simu mmoja mmoja nikasema, jamani, nipo peke yangu, nimewakumbuka, njooni hata siku moja, pengine bado wasingefika. Ndege wangekuwepo, presha ingekuwepo, na yule mama angekuwa kitandani. Lakini wangejua nilikuwa nawaitia nini. Mimi nikaona aibu kusema, nikawaita kwenye kazi, nao wakanijibu kikazi. Upweke hauna faini yake. Huwezi kumtoza mtu mbuzi kwa kukukosesha maongezi.

Mama Nakijwa alikuja kudai magodoro yake, akawaona wale wanyama.

"Mzee, una sherehe? Chinja basi."

"Hawa ni wa msaragambo. Faini huliwa na waliofika kazini."

"Kwani wewe hukufika?"

"Nimefika."

Akavuta stuli. Akakaa, tukala makande, kisha akawagawia wajukuu zake yaliyobaki, maana sufuria lilikuwa bado limejaa.

Siku zilizofuata nilinuna. Nilikuwa na faili, nilikuwa na ghala lililofagiwa, na albamu ilikuwa inasubiriwa. Mwishowe nikafanya jambo ambalo mafundi wa studio hulifanya kwa gitaa moja, mimi nikalifanya kwa bendi nzima. Lishikeni, litawafaa. Sauti iliyorekodiwa kavu unaweza kuirudisha kwenye spika, ukaipiga ndani ya chumba, ukairekodi upya ikiwa na hewa ya chumba kile. Nikaburuta amplifaya ya zamani ya Mbonea, nikaiweka kushoto anakosimamaga yeye. Ya besi nikaiweka kulia. Kwa ajili ya dramu nikapanga spika kubwa nyuma, chini, kimo cha mtu aliyekaa. Sauti ya Kajiru nikaiweka katikati kwenye spika iliyo juu ya stuli, usawa wa mdomo wake. Ile saa ya kompyuta nikaizima, na dramu za Eliamini nikazisogeza kwa mkono, pigo baada ya pigo, zikae pale ambapo bega la Kajiru lingeshuka. Nalijua bega lile. Kisha nikatega maiki, nikafunga milango, nikawasha wote kwa pamoja.

Ghala likatetemeka. Vumbi la mkonge la miaka na miaka likaanza kushuka kutoka darini. Dramu ikavuja kwenye gitaa, gitaa likavuja kwenye sauti ya Kajiru, vyote vikachafuana namna ninavyopenda. Nilisimama katikati, besi ikinigonga kifuani, na kwa muda wote wa nyimbo zile sikuwa mpweke. Machozi yalinitoka na sikuhangaika kuyafuta. Kazi hii ni nzuri, wanangu, hata ikikuchukulia masikio. Ila mkiwa bado mna watu chumbani, wakorofi, wachelewaji, wanaovunja vijiti na kumaliza sukari yenu, msiwe na haraka ya kuwatuma wakarekodie makwao.

Nilikuwa na tabia moja studio. Wimbo ukiisha, hata uwe umetoka vizuri namna gani, mimi nilisema, "Haya, turudie." Hapo Mbonea alinitukania ukoo mzima, Eliamini alitupa vijiti chini, Kajiru akacheka mpaka akaegemea ukuta. Siku ile ghalani, wimbo wa mwisho ulipokatika, mdomo ulijisemea wenyewe: "Haya, turudie." Na maiki zote zilikuwa bado wazi.

Kajiru ameisikiliza albamu yote akiwa kando ya kitanda cha mkewe. Amesema hatujawahi kutoa nzuri kama hii, ila niukate ule mkia wa mwisho, haueleweki. Nimemkatalia, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Kwa hiyo itakapotoka, msizime haraka wimbo wa mwisho ukiisha. Mtasikia sauti ya mzee ikisema maneno mawili, halafu kimya kirefu sana. Msije mkasema ni ufundi wa studio. Nilikuwa nasubiri wanijibu.